Nimeshuka kwenye Basi: Wiki Moja kwa Miguu, Moshi

Jumamosi, mjini

Miaka 26 nimeendesha basi la Moshi kwenda Dar es Salaam. Niamshe usiku wa manane uniulize tuta la kwanza ukishavuka Same liko wapi, nitakuonyesha kwa kidole huku nimefumba macho. Niulize mti uliosimama pembeni ya tuta hilo ni mti gani, nitakuuliza, "Mti upi?" Milima ya Upare imekuwa mkono wangu wa kushoto kila alfajiri ya kazi, na nilichokijua kuhusu milima ile ni kwamba upepo wake unasukuma basi tupu.

Mwaka jana taa za magari yanayokuja zikaanza kuvaa duara, kama mwezi wa siku ya mvua. Nilijikaza miezi miwili, na abiria wangu wa miezi hiyo naomba wanisamehe. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikakabidhi funguo. Mwezi wa nane mwaka huu walitoa lenzi iliyochafuka ya jicho la kushoto, wakaweka ya bandia. La kulia linasubiri zamu yake. Kwa hiyo kwa sasa natembea na macho mawili yasiyosikilizana.

Daktari alisema nifanye mazoezi ya kutembea. Mke wangu akasema afadhali, maana nikishinda nyumbani namwelekeza jikoni kama konda anayerudisha basi kinyumenyume stendi. Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu, anayesoma Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori pale Mweka. Alinipa pamoja na sharti: "Babu, usitembee tu. Weka vituo. Kila kituo usimame dakika kumi, usiongee na mtu, simu uzime. Halafu uandike." Nikamwambia habari za vituo mimi ndiye wa kumfundisha yeye. Akacheka, akasema, "Kwenye vituo vyako wewe ulikuwa hushuki."

Leo nimetoka saa kumi na mbili asubuhi. Kibo ilikuwa wazi, nyeupe juu, na Mawenzi pembeni yake imekaa kama jino lililovunjika. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuutazama mlima huu, sisi tunautumia kujua kama leo ni siku ya kuanua nguo mapema. Kufika saa tatu mawingu yalikuwa yameshaumeza. Nilimpigia mjukuu kumuuliza kwa nini ni kila siku hivyohivyo. Akasema jua likishapasha miteremko, hewa ya chini inapata joto na kupanda, na kadiri inavyopanda inapoa, unyevu wake unageuka mawingu. Usiku inateremka tena. Maana yake mlima una ratiba, na inafuatwa vizuri kuliko ya mabasi.

Kituo cha kwanza nilikiweka chini ya mjakaranda, maana huu ndio msimu wake na mitaa yetu imetandikwa maua. Nikafumba jicho la kulia. Mti mzima ukanirukia, zambarau yenye buluu ndani yake, rangi ambayo sikumbuki lini niliiona mara ya mwisho. Nikafumba la kushoto, nikatazama kwa lile bovu. Mti uleule, tawi lilelile, lakini rangi ya kijivu yenye kutu, kama kitenge kilichofuliwa kwa maji ya chai. Nikarudia: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mwuza magazeti alinitazama akadhani namkonyeza.

Kilichoniuma ni hiki. Ile rangi ya kutu ndiyo niliyokuwa nayo miaka yote hiyo nikidhani ndiyo rangi ya dunia. Lenzi ikichafuka inageuka njano, na njano hiyo inameza mwanga wa buluu kidogokidogo, huambiwi. Hakuna asubuhi niliyoamka nikasema leo buluu imepungua.

Halafu nikatazama chini. Ua moja lililoanguka lilikuwa linatembea. Nikainama, magoti yakalia. Nyuki alikuwa ndani yake, ameingia mzima, kiuno tu ndicho kimebaki nje, na akijitahidi kufika mwisho wa ule mfereji wa ua analisukuma lote mbele kwenye lami. Akatoka, akaingia jingine. Nikahesabu maua saba yanayotembea kwenye eneo la ukubwa wa mkeka. Miguu ya watu ilikuwa inapita juu yake na hakuna aliyetazama, wala mimi jana nisingetazama.

Jumapili, msitu wa Rau

Baada ya misa ya kwanza nilipanda daladala hadi Rau, nikalipia kuingia msituni, nikapewa kijana wa kuniongoza. Nilimwambia mapema: mimi ni mzee wa kusimama. Akasema, "Hamna shida mzee, wengine wanakimbia kama wameibiwa."

Kwa mtu wa Moshi, Rau ni jina la mto na la kituo cha daladala. Msitu uko kusini mashariki mwa mji, karibu kiasi kwamba ukiwa ndani unasikia pikipiki. Lakini ukiingia tu, baridi inakushika shingoni. Uwanda huu wa chini ni mkavu, na ungetegemea mvua zake peke yake usingeotesha miti mirefu namna ile. Siri iko chini: maji ya mlima yaliyozama huko juu yanapita ardhini na kuja kukaribia uso wa nchi hapa, na miti imezamisha mizizi humo. Nilikanyaga pembeni ya njia, kiatu kikazama na kufanya sauti ya kunyonya. Mti huo hauangalii mawingu, unakunywa kwenye bomba la chini.

Kijana alinionyesha msoo. Ni mti adimu, na hata wataalamu walipouandika kwa jina la kisayansi walibakiza neno hilohilo, msoo. Nimeutazama kwa macho yote mawili, hapo yalikubaliana: shina limenyooka, linakwenda juu hadi shingo inachoka. Karibu yake palikuwa na mvule ambao watu wanne wasingeweza kuuzungushia mikono. Nikafikiria milango yote ya mvule niliyowahi kuisifia harusini, sikuwahi kuuona ukiwa na majani.

Kituo cha pili ndicho kilichonifunga. Njia ilikuwa na mstari mweusi unaong'aa, upana wa mkanda wa suruali, ukimeremeta kama mafuta yanayotiririka. Siafu. Siku zote siafu kwangu walikuwa jambo la kuruka. Safari hii nikasimama hatua tatu mbali, nikatazama. Pembeni, pande zote mbili, wamepangwa wale wenye vichwa vikubwa, taya wazi, wamesimama wima wakigeukia nje. Katikati yao wadogo wanakimbia, wengine wamebeba vifurushi vyeupe chini ya tumbo: watoto wao. Kijana akaniambia hawaoni, wanafuata harufu. Vipofu hao! Na hakuna aliyegongana na mwenzake.

Nimesimamishwa mara ngapi barabarani kupisha msafara wa kiongozi, trafiki katanua mikono, pikipiki za ving'ora zikitangulia. Nilikuwa nanung'unika kwenye usukani. Huu nao ulikuwa msafara, na dakika kumi zikaisha mkia haujaonekana. Nikaongeza kumi. Nilikuwa naanza kujiona mtu mwenye busara, mtazamaji wa viumbe, ndipo mmoja akanifikia juu ya goti kwa ndani. Sitaandika nilichosema, ilikuwa Jumapili. Kijana aligeukia mti kwa heshima, nikavua suruali nikaikung'uta. "Mzee," akasema bila kunitazama, "siku nyingine suruali uichomeke kwenye soksi."

Mbega tuliwapata kwa sababu ya majani. Hapakuwa na upepo, lakini majani yalikuwa yanadondoka sehemu moja tu. Ukiinua macho, mkia mweupe unaning'inia kama taulo limesahaulika kwenye kamba. Walikuwa sita, na wa saba mdogo kakumbatiwa, mweupe kabisa kama pamba. Huzaliwa hivyo, weusi huja baadaye. Nilitegemea nyani wa barabarani, wa kurukia mikate. Hawa wamekaa tu. Wanakula majani, na majani ni chakula kigumu, tumbo lao lina vyumba kama la ng'ombe na linahitaji muda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku kazi yao ni kukaa na kuacha tumbo lifanye kazi. Hawana kidole gumba, mkono una ndoano nne tu za kujitundika. Mmoja alinitazama kwa muda mrefu, uso mweusi umezungukwa na ndevu nyeupe, sura ya mzee wa baraza aliyeletewa kesi asiyoipenda. Nilikosa la kumwambia.

Jumatatu, Mabogini

Nimeteremka tena upande wa kusini, kwenye mashamba ya mpunga. Hapa maji yako juu ya ardhi, kwenye mifereji iliyonyooka ya mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Jua kali, hakuna pa kujificha. Majaruba mengine yana miche mipya, mengine yameanza kuinamisha vichwa.

Yangeyange walikuwa nyuma ya trekta dogo la mkono, wameunda foleni, kila tope linapopinduliwa wa mbele anadonoa. Jicho la kushoto linawaona weupe wa kuumiza. La kulia linawaona rangi ya maziwa yaliyokaa.

Kwenye kichanja kulikuwa na mama mmoja anayeamia ndege, ameshika kamba zenye makopo. Alinipa shikamoo, nikaitika.

"Unatafuta nini baba?"

"Natazama."

"Unatazama nini?"

"Bado sijajua."

Akanipima. "Basi tazama huku unatingisha kamba ile ya mwisho. Wakija piga kelele."

Sharti la kutosema na mtu likafia hapo. Walikuja saa nne na nusu. Kwanza nilidhani ni moshi wa mabua, wingu la kahawia linakunjuka upande wa mashamba ya miwa ya TPC. Kisha moshi ukageuka kona. Kwelea kwelea: hakuna ndege wa porini duniani anayehesabiwa kuwa mwingi kumzidi. Mmoja mmoja ni kitu cha kuficha kwenye ngumi. Wakiwa pamoja wanapinda, wanabanana, wanatanuka, na sauti ya mabawa yao ni kama mvua inayopita juu ya bati la jirani bila kufika kwako. Nilisahau kutingisha kamba. Mama akapiga ukelele uliofanya kazi ya watu watatu, makopo yakalia, wingu likainuka upande mmoja kama shuka lililoshikwa pembe na kuhamia kwa jirani. "Umeona?" akaniuliza, na hakuwa anasifia.

Jioni mjukuu alinieleza kwamba hakuna anayewaongoza. Kila mmoja anafuata jirani zake wachache tu, akigeuka naye anageuka. Ndivyo tulivyokuwa tunaendesha alfajiri ya ukungu Chalinze, kila mtu anafuata taa nyekundu za aliye mbele na kumuombea Mungu asiwe amelala.

Nikirudi, kwenye mti ulioinamia mfereji nilikuta koloni la minana. Dume, njano na kichwa cheusi, ananing'inia chini ya kiota chake kipya na kupiga mabawa kama fundi anayeita wateja. Jike akaja, akaingia, akavuta uzi mmoja wa jani, akavuta wa pili, akatoka akaenda kwa jirani. Dume akanyamaza. Kulikuwa na kiota kingine karibu, kimeshakauka na kuwa kahawia. Akaenda kwenye hicho, akaanza kukibomoa mwenyewe, uzi kwa uzi, na kuuangusha majini. Mijike hawataki nyumba iliyokauka. Nikamwonea huruma, kisha nikakumbuka yeye ndiye aliyeanza ujenzi kumi kwa wakati mmoja.

Jumanne, nyumbani

Mvua usiku kucha. Sikutoka. Kituo: kibarazani, kiti cha plastiki.

Mvua ilipokata jioni, kumbikumbi wakatoka kwenye ufa wa sakafu. Wakaruka hadi kwenye taa, wakaanguka, wakatingisha mgongo mara moja na mabawa yote manne yakachomoka kama koti linalovuliwa mlangoni. Sakafu ikajaa mabawa. Wasio na mabawa walikuwa wanatembea wawili wawili, mke mbele, mume nyuma amemgusa mkiani, wanazunguka ukingo wa ukuta wakitafuta tundu la kuanzishia nyumba. Nilifuata jozi moja kwa tochi tangu mguu wa kiti hadi karibu na tangi la maji. Kuku wa jirani akawafikia kabla ya tundu.

Mke wangu alikuja kuuliza kwa nini nimepiga magoti nje usiku. Nikamwonyesha. Akachuchumaa pia. Tulikaa hivyo hadi umeme ulipokatika.

Jumatano, Kilema

Nyumbani kwetu, kihamba, yaani shamba la ukoo, alichobaki nacho dada yangu mkubwa. Nilipanda Noah hadi Himo na nyingine ya kupandisha. Huku ndiko mapadre wa Kikatoliki walikopanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19, na kahawa ndiyo iliyonisomesha hadi nikajua kusoma vibao vya barabarani. Baba aliuza kwa KNCU, chama cha ushirika kilichoanza 1933, na alikuwa na namna ya kulitamka jina hilo kama anataja ndugu mwenye uwezo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umekuja na daftari, umekuja kupima shamba?"

Nilimweleza. Akasema kama nataka kutazama nitazame, lakini nisikae njiani kwa maji, leo ni zamu yake.

Kihamba nilizaliwa humo na sikuwahi kukiona kwa sababu hiyohiyo. Leo nimesimama katikati na kuanza juu, kama mtu anayehesabu ghorofa. Juu kabisa migrevilea na mringaringa mkubwa, na ule msesewe ambao magome yake mama alikuwa anatia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini yake migomba, majani yake yamechanwa na upepo. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, magimbi na maharage. Hakuna mwanga unaofika ardhini bila kutozwa ushuru mara nne. Na mpakani, masale, yaleyale babu aliyoyapanda. Kwa Wachaga isale ndilo linaloonyesha mwisho wa chako na mwanzo wa cha jirani, na ukimkosea mtu ukamletea isale, ni vigumu akunyime msamaha. Nilitazama mstari huo nikamkumbuka jirani mmoja ambaye babu na yeye hawakusalimiana miaka tisa. Masale yalikuwepo katikati yao muda wote, hakuna aliyechuma.

Saa tano maji yakaja. Mfongo unaoteremka toka juu ulichimbwa na mababu na bado unagawa maji kwa zamu. Dada alitoa jiwe na bonge la udongo, mkondo ukageuka kuingia kwetu. Nikaamua kuufuata ule mdomo wa maji, hatua kwa hatua, maana hauendi kasi kuliko mtu anayesindikiza mgeni. Maji ya kwanza si maji, ni takataka: majani makavu, maganda, povu. Mbele ya takataka wanakimbia wadudu wote waliokuwa na nyumba kwenye mfereji mkavu, buibui, nyenje, mende wa udongo, wengine wamebeba mayai. Na mbele ya wadudu, ndege wameshapanga foleni. Kadogo keusi na keupe kanakotikisa mkia kalikuwa kanarudi kinyumenyume mbele ya maji kakila, kanakula kanarudi. Shorwe wawili kwenye mgomba. Wanajua zamu ya dada kuliko mwenyekiti wa mfongo.

Juu kwenye mringaringa kulikuwa na ndege mkubwa wa kijani anayekimbia matawini kama kicheche. Aliporuka kwenda mti wa pili mabawa yakafunguka mekundu ya damu, halafu yakafungwa, kijani tena. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunamlenga kwa manati. Mjukuu ameniandikia kwamba nyekundu ile ina shaba ndani yake, madini kabisa.

Nilichokuja kukiona, bila kujua kwamba ndicho, kilikuwa kwenye mkahawa wa tatu toka jikoni. Nilikuwa nimeutazama mti huo dakika nne nzima. Kisha jani moja likapiga hatua. Kinyonga, dume, ana pembe mbili bapa puani kama visu vya siagi. Alinyoosha mkono, akasita, akarudisha, akanyoosha tena, anayumba mbele na nyuma kama kitu kinachopepewa. Jicho lake la kushoto lilinigeukia. La kulia likaendelea kutafuta nzi upande wa pili. Nilisogea, la kushoto likanifuata; la kulia halikujisumbua.

Nikacheka kwa sauti. Miezi mitatu nalalamika kwamba macho yangu hayasikilizani, na huyu hapa, kila jicho na njia yake, na hajakabidhi funguo kwa mtu. Alipompata nzi ndipo yote mawili yakageuka mbele kwa pamoja, yakatulia. Ulimi sikuuona ukitoka, niliona tu nzi hayupo.

Dada hakutaka kusogea. "Mwache huko huko, usimlete mlangoni." Anamwogopa tangu utoto, hata chui angemsogelea kwanza. Nilimsomea ujumbe wa mjukuu: kundi hili la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki wanasayansi walilipa jina jipya mwaka 2006, wakaliita Kinyongia, neno letu na mkia wa kizungu. Msoo, sasa kinyonga. Dada akasema waliona ubunifu umewaishia.

Tulikula kiburu. Nikaondoka na ndizi mshare mzigo mzima. "Aika," nilimwambia, asante ya Kichaga. Akasema nisisubiri hadi jicho la pili litengenezwe ndipo nije kumsalimia.

Alhamisi

Magoti. Sikwenda popote. Nilitazama dari.

Ijumaa, ziwa Chala

Mjukuu alipata nafasi, tukapanda basi la Tarakea. Nilikaa kiti cha dirishani upande wa kushoto, upande ambao kwa miaka 26 niliuona kwenye kioo tu. Dereva alipita lori kwenye kona kabla ya Njiapanda. Mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu wenyewe. "Babu," mjukuu akasema, "hapo hakuna breki."

Tuliposhuka tukachukua bodaboda. Nchi inakauka ghafla, mibuyu imesimama peke yake, mlima uko nyuma yetu na huku hauna msaada. Ukitembea kuelekea ziwani huoni ziwa. Unaona kilima cha vichaka, kama vilima vingine. Halafu ardhi inaisha, na chini kabisa, ndani ya bakuli la mawe, kuna maji. Ni shimo la volkano. Mjukuu akasema kina chake ni kama mita 90, na kwamba hakuna mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Mvua iliyonyesha kwenye mlima inazama, inapita chini kwa chini na kuingilia humu, na inatokea chini kwa chini upande mwingine. Mpaka na Kenya unapita katikati ya maji, na maji hayana habari. Kuna perege humo wa aina isiyopatikana ziwa jingine lolote.

Tuliteremka polepole kwa kushika mizizi. Nyani walitutukana toka mwambani. Chini tukaweka kituo, dakika kumi, kisha kumi nyingine, hakuna aliyetazama saa.

Ziwa lile likitulia lina ukimya wa aina yake. Nilisikia jani likigusa jiwe. Samaki aliruka katikati na nikahesabu hadi tatu ndipo sauti ikatufikia, au ndivyo nilivyodhani. Mjukuu alikuwa anatazama pale pale ninapotazama mimi, lakini alikuwa anaona tope. Akanisimulia kwa sauti ya chini kwamba chini ya maji tope limelala tabaka juu ya tabaka, jeupe na jeusi, mwaka baada ya mwaka kama pete za mti, na kwamba mwaka 2016 wanasayansi walilitoboa ili wasome mvua na ukame wa zamani sana, kabla hakujawa na mtu wa kuandika. Kitabu cha safari cha mlima, kimehifadhiwa na vumbi. Dereva yeyote angekiheshimu.

"Babu, maji yana rangi gani?"

Nilifumba la kulia. Buluu. Buluu nzito ya wino kwa katikati, na ukingoni inafifia hadi kama ya anga la saa kumi na mbili.

Nilifumba la kushoto. Kijani cha chupa ya zamani.

Nikaandika yote mawili, kila moja na jicho lake. Mjukuu alisoma akanyamaza, kisha akasema, "Sisi wengine hatuna ziwa la pili. Niazime hilo la kulia kidogo." Alijaribu kutazama kwa miwani yake ya jua ya njano, akasema anakaribia.

Ujumbe wa hospitali ulikuwa kwenye simu tangu asubuhi, nilikuwa sijamwambia. Jicho la kulia limepata tarehe, wiki mbili zijazo. Nililisubiri kwa miezi, na sasa nimesoma ujumbe mara nne kama mtu aliyeambiwa nyumba anayopanga imeuzwa. Nitakwenda, bila shaka, sina kichaa cha kubaki na kutu jichoni. Ila kabla ya siku hiyo nataka nirudie vituo vyote nikiwa nimefunga la kushoto kwa kitambaa: mjakaranda, yangeyange, msesewe, kinyonga kama bado yupo mkahawa wa tatu. Niandike dunia niliyoiendesha basi ndani yake ilikuwa na rangi gani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeiona.

Mke wangu anasema nitaanguka mferejini. Kijana wa Rau nimempigia, amekubali Jumapili. Amenikumbusha soksi.